Vidonge vya Ghalani

Simu ya mdogo wangu ilinikuta nimepiga magoti jikoni kwa watu, kichwa kimo ndani ya kabati la sinki, natia jeli ya mende kwenye bawaba. Ndiyo kazi yangu: mende, panya, mchwa, kunguni. Jeli naipenda kwa sababu haina makuu. Unaweka tone mahali mende anapokatiza, anakula, anakwenda kufia kwao, na ndugu zake kwa ulafi wao wanaila maiti yake. Mama mwenye jiko anaendelea kuchemsha chai yake huku mimi naua. Kazi safi kama hiyo sipendi kukatizwa.

"Dada," mdogo wangu akasema, "hivi harufu ya kitunguu saumu inaweza kumdhuru mtoto?"

"Umenipigia kazini kuniuliza mapishi?" Mimi ni mkali, sifichi.

"Si mapishi. Humu chumbani kunanuka kitunguu saumu tangu asubuhi, na hakuna anayepika. Mtoto anatapika kila anachonyonya. Mimi mwenyewe kichwa kinanigonga, kifua kimebana. Shangazi anasema ni uchovu wa uzazi."

Nilichomoa kichwa kabatini kwa haraka hata nikajigonga kisogo, na maumivu yenyewe sikuyasikia. Mdogo wangu alikuwa amejifungua karibuni tu, mtoto wake wa kwanza, na alikuwa amekwenda kukaa kwa shangazi yetu ili atunzwe. Huyo shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetulea sisi wawili tangu wazazi wetu walipofariki. Ana nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha, mlango baada ya mlango, vyote chini ya paa moja. Haina dari. Kuta za ndani zimepanda mpaka juu kidogo ya milango zikaishia hapo, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anamwambia pole.

Harufu ya kitunguu saumu mahali pasipo na kitunguu saumu. Watu wa kazi yetu maneno hayo tunayaogopa kuliko nyoka. Ziko dawa za kupulizia, ziko za unga, ziko za chambo, na kila moja ina ubaya wake, lakini unaweza kuishi nayo ukifuata ilivyoandikwa. Halafu viko vidonge vya ghalani. Vya kijivu, ukivikuta mezani utadhani ni vya mtu wa kiungulia. Vinawekwa kwenye marundo ya magunia ya nafaka, vinanyonya unyevu wa hewa na kutoa gesi, na gesi hiyo inapenya kila ufa na kuua kila kinachopumua. Kwake yeye fukusi na binadamu ni mamoja. Kopo lake limeandikwa kwa herufi kubwa, HATARI, na chini yake: visitumike kwenye nyumba wanamoishi watu.

"Mbebe mtoto utoke nje," nikamwambia. "Sasa hivi. Usichukue kitu kingine."

"Nje kuna upepo, Dada. Shangazi kasema kichanga asipigwe na upepo. Kafunga hata dirisha."

"Mpe shangazi simu. Na wewe utoke huku mimi naongea naye. Toka!"

Simu ikahama mikono. Nyuma yake nilisikia maji ya bomba na wanawake wanafua, mmoja anacheka.

"We mtoto, mbona unamtia mwenzio kiwewe? Mzazi hatishwi."

"Shikamoo, Shangazi. Umeweka dawa gani humo ndani?"

"Marahaba. Dawa ya nini?" Akacheka kile kicheko chake cha mbele za watu. "Hapa pana mdudu gani wa kuwekewa dawa?"

"Shangazi, leo sina utani. Vidonge vya kijivu, umeviweka chumba gani?"

"Ebo! Unanitukana kwangu? Mimi, kwenye nyumba yangu, kunguni?"

Kunguni sikumtaja mimi. Kamtaja mwenyewe.

"Nakuja," nikasema.

"Usije na hilo gari lenu!" Sauti ilishuka ikawa ya kunong'ona, mdomo umebana simu. "Kama ni lazima uje, njoo kwa miguu yako kama mtu mwenye adabu."

Sasa gari letu, ubavuni, mwenye kampuni alichora kunguni mnene mwenye miguu yote, mkubwa kuliko mlango, na chini yake maneno TUNAANGAMIZA KUNGUNI kwa rangi nyekundu. Likisimama mbele ya nyumba yako, mtaa mzima umepewa tangazo. Na shangazi yangu kwa usafi hana mpinzani. Uwanja wake anaufagia mpaka udongo unaona haya. Nimemwambia mara ngapi kwamba kunguni hachagui, anaingia kwa begi, kwa kitanda cha mtumba, kwa nguo za mgeni, hata kwenye jumba la waziri analala. Hasikii. Kwake yeye kunguni ni uchafu, na uchafu ni aibu, na kuliko aibu, afadhali kufa. Hayo alikuwa akiyasema kila siku, tukicheka.

Mpangaji mmoja alikuwa amehama na kumwachia chumba chenye wadudu. Mpwa wake nipo, fundi wa dawa, ningekuja bure na kwa furaha. Akanipita kushoto kwa sababu ni mimi. Akamwendea mtunza ghala mmoja anayefahamiana naye, akapewa vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kopo lenye maandishi lilibaki ghalani. Akavitandaza chini ya godoro, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akaenda zake. Chumba chenyewe kinapakana na cha mdogo wangu. Hayo yote niliyajua baadaye, lakini pale jikoni kwa watu nilishayakisia karibu yote.

Mwenzangu wa kazi alikuwa nje anapanga mipira ya kupulizia. Tunamwita Lebo. Ni mtu mzima, mpole, na kila kazi, kabla hajafungua chupa, anasoma lebo yote kwa sauti, hata ya dawa aliyoitumia tangu nywele zake ni nyeusi. Wateja wanamcheka, na mimi namcheka zaidi yao. Nilipomwambia "kitunguu saumu, nyumbani kwa shangazi," hakuuliza. Alitupa mipira garini ikiwa imejisokota na kuwasha gari.

Njiani nikampigia tena mdogo wangu, nikaiweka simu sauti ya wazi.

"Umetoka?"

"Niko getini. Nimemfunika. Shangazi kaninunia."

"Mtoto anapumuaje?"

"Mbiombio. Na midomo yake, Dada, haina rangi yake."

"Mwangalie tu, usimlaze. Tunakuja tunawachukua." Nilisema hivyo kwa sauti ya kujiamini ambayo sijui niliitoa wapi. "Shangazi yuko wapi?"

"Kachota ndoo ya maji. Anasema anakwenda kudeki kile chumba kitupu kabla gari lenu halijafika, mtu asije akaona takataka zake."

Lebo akageuza kichwa. "Maji," akasema.

Hakuna mwenye kazi hii asiyelijua hilo. Vidonge hivyo hewani vinatoa gesi kidogo kidogo. Ukivimwagia maji vinaitoa yote kwa mkupuo, na vinaweza hata kuwaka moto.

"Mwite!" nikapiga kelele. "Mwite asiingie! Mwambie asimwage maji!"

Nikamsikia anaita. Shangazi! Shangazi, Dada anasema usiingie! Anaita kwa sauti ya mtu aliyetoka kujifungua, isiyofika mbali. Halafu ndoo ikaanguka sakafuni, na maji, na kikohozi kirefu. Halafu wanawake waliokuwa wanafua wakaanza kupiga mayowe.

"Dada, ameanguka! Namwona miguu, mlango uko wazi, namwona miguu!"

"Usiingie."

"Ameanguka, Dada!"

"Nasema usiingie! Ukiingia nitawazika wote, wewe na yeye na huyo mtoto! Na hao wanawake wazuie, washike hata nguo! Asiingie mtu!"

Nilikuwa nayasema hayo kuhusu mwanamke aliyeniogesha, aliyenisuka, aliyenipiga nikiiba sukari na kunikumbatia nikilia. Nilikuwa nawaambia watu wamwache chini. Niliogopa vile sijawahi kuogopa, na nikamgeukia Lebo kumtukana kwa mwendo wake, na maskini gari lilikuwa limeshakanyagwa mpaka mwisho.

"Mficha maradhi," akaanza.

"Nyamaza! Usinitolee methali, endesha!"

Akaendesha. Mimi nikawapigia zimamoto, ambao ndio wenye mitungi ya hewa. Wakasema wanakuja.

Tulipofika nilishuka gari halijasimama. Nilimpita mdogo wangu getini, mtoto kifuani, uso wake umekuwa wa majivu. Uwanjani wapangaji wamesimama kwa fungu, mikono yao bado ina povu la sabuni. Harufu ilinipokea kabla sijafika barazani, kitunguu saumu na samaki aliyeoza vikiwa pamoja. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amelala kifudifudi ndani kidogo ya kizingiti, juu ya zulia refu jembamba alilotandika toka mlangoni mpaka kitandani ili wapangaji wasichafue sakafu. Ndoo imebiringika. Alikuwa anachezesha vidole vya mguu.

Nilivaa barakoa yangu, nikafunga kamba, nikakimbilia mlangoni. Lebo akanidaka ukosi kwa nyuma akanivuta mpaka nikakaa chini.

"Niache!"

"Hiyo ni ya kupulizia," akasema. "Soma kichujio chako. Gesi hii hakizuii."

"Anachezesha mguu! Si unaona anachezesha mguu?"

"Naona. Ukiingia itakuwa miguu minne."

Nilimpiga. Nimpe haki yake, nilimpiga kifuani kwa ngumi na hakuniachia. Nikisema niliogopa kufa nitakuwa naongopa, kilichonitisha ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nilimchukia kwa hilo. Hatua chache tu, mtoto angeziruka akicheza, na mimi nimekaa barazani mbele za watu nikimtazama mama yangu, maana ndiye mama yangu, anavuta pumzi zenye mlio wa msumeno.

Lebo ndiye aliyeliona zulia. Pindo lake lilikuwa limevuka kizingiti, limetokeza barazani. Alivuta pumzi akiwa mbali, akaizuia, akaenda ameinama, akalishika, akarudi nalo kinyumenyume. Mimi nikashika upande wa pili wa pindo. Tukavuta. Zulia lilikuwa limelowa, zito, na shangazi si mtu mwepesi, anakula vizuri na anajisifia. Likakwama kwenye kizingiti. Tukakimbia kupumua, tukarudi, tukavuta tena, na akatoka, kwanza miguu, halafu gauni limepanda, halafu kichwa kikigonga kizingiti, samahani Shangazi, samahani. Tukamburuta mpaka uwanjani kwenye hewa.

Alifumbua macho. Akaona wapangaji wamemzunguka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kushusha gauni.

"Dawa ya kudekia," akawaambia, sauti imekatika katika. "Imenipalia. Endeleeni na kazi zenu."

"Kuna sumu mle," nikawaambia mimi huku tunambeba. "Msiguse mlango ule, kaeni nje, zimamoto wanakuja." Sikusema zaidi. Nilikuwa na mtu mikononi na mwingine anayegeuka rangi getini. Lebo akautundika mlangoni mkanda wetu wa hatari, tukawapakia wote watatu kwenye lile gari lenye kunguni ubavuni. Shangazi alipoona ni lipi, alifumba macho.

Hospitalini walituchukua haraka. Mtoto akawekewa hewa kwa kidude kidogo cha puani, mdogo wangu akakaa pembeni yake naye amewekewa. Wakati wote huo nilikuwa kama mtu anayetembea juu ya paa la mabati lililooza, kila hatua nasubiri kuzama. Muuguzi akaja akasema mtoto anavuta vizuri, rangi inarudi. Nikakaa sakafuni pale pale.

Kisha daktari, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akaniita kwenye kitanda cha shangazi. Shangazi alikuwa macho kabisa, anajua kila kitu, jasho linamtoka, na mkono wake nikaushika. Ulikuwa wa baridi.

"Mama anasema ni dawa ya kudekia," daktari akasema. "Mapigo yake ya moyo hayasemi hivyo."

Shangazi akanibana vidole. Nilimwinamia daktari nikamwambia sikioni: vidonge vya ghalani, vimemwagiwa maji, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Daktari hakushtuka, ila aliacha kuandika. Akanivuta kando akaniambia ukweli kama alivyoniona naweza kuubeba. Gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa. Inashika moyo. Wangemsaidia kupumua, wangeuinua moyo kwa kadiri ya uwezo wao, na saa chache zijazo ndizo zingeamua.

Nikarudi kitandani, nikaushika tena ule mkono.

"Umemwambia nini?" Shangazi akauliza.

"Nimemwambia akutibu."

"Watu wa nyumbani wasijue, mwanangu. Mimi nitapona, nitaishi nao. Sema ni dawa ya kudekia." Alikuwa anahema kati ya kila neno. "Nisitiri. Nimewasitiri mangapi ninyi."

Na ni kweli, alitusitiri. Mpaka leo kuna mambo yangu aliyoyafunika ambayo hata mdogo wangu hayajui. Nikasema, "Sawa, Shangazi." Niliikusudia. Nilikuwa tayari kuyabeba hayo maneno mpaka kaburini.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mpangaji wake, fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mwenye watoto wadogo.

"Samahani dada, nilitaka tu kujua hali ya mwenye nyumba," akasema. "Sisi hatujambo. Zimamoto hawajafika bado. Tumekifunga kile chumba vizuri, na kwa kuwa mwenyewe alisema ni dawa ya kudekia, tumerudi vyumbani. Watoto nimewalaza, wanalalamika vichwa. Nadhani ni jua tu la leo."

Shangazi alikuwa ananitazama. Sauti ya fundi cherehani ilikuwa kubwa, alikuwa amesikia kila kitu. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, na macho yake yalinishika kama ya mtoto anayeomba asichapwe.

Ningeweza kusema toka tu bila kusema kwa nini. Niliwaambia hivyo mara ya kwanza, na wakarudi ndani. Neno la mwenye nyumba lilikuwa zito kuliko langu, na watoto wale walikuwa wamelala chini ya paa lile lile lisilo na dari.

"Nisikilize," nikasema kwenye simu, kwa sauti, mbele yake. "Si dawa ya kudekia. Nyumba ina kunguni, na shangazi yangu kaweka vidonge vya ghalani kuwaua. Ni gesi. Inapita juu ya kuta, inawafikia hapo mlipo. Amsha watoto uwatoe nje, gonga kila mlango, waambie wote, waambie ni kunguni, waambie nimesema mimi. Toka sasa, simu usiikate, nataka nisikie mkitoka."

Nikamsikia anakimbia. Nikasikia milango inagongwa, na neno lile linapigiwa kelele barazani, kunguni, kuna sumu ya kunguni, tokeni. Watoto wakaanza kulia, nami nikashukuru kwa kila kilio.

Mkono wa shangazi ulitulia kidogo kwenye wangu. Halafu akauchomoa, akageuka ukutani.

"Shangazi," nikamwita. "Shangazi, kulikuwa na watoto."

Nilikaa pale nikimwita, kwa jina la heshima, kwa jina la utani, hata mama nikamwita, neno ambalo alikuwa akilisubiri tangu tukiwa wadogo na hatukuwahi kumpa. Kila nilipoutafuta mkono wake alivuta shuka. Wapangaji walitoka wote wazima. Mtoto alinyonya jioni ile, mdogo wangu akamleta mlangoni amwonyeshe shangazi, na muuguzi akawazuia, kwa sababu moyo ulikuwa umeshasimama na walikuwa wanajaribu kuurudisha. Haukurudi. Walipomlaza chali ili wamfunike, nilimwona uso, na bado alikuwa amekasirika.